Rameni: Safari ya Tambi kutoka Bandarini hadi Foleni za Tokyo

Rameni ni tambi za unga wa ngano zinazoliwa ndani ya mchuzi wa moto, juu yake pakiwa na vipande vya nyama ya nguruwe, machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa, majani ya kitunguu na mara nyingi yai. Mgeni huona bakuli la supu tu. Nchini Japani bakuli hilo huwafanya watu wazima wenye kazi zao wasimame foleni saa nzima kwenye baridi, wabishane juu ya unene wa tambi, na wapande treni kwenda mji mwingine kufuata mlo usiomaliza robo saa. Chakula hiki kilianza kama riziki ya wahamiaji wa Kichina, na hakuna aliyekitegemea kifike mbali.

Kinachozitenga tambi za rameni na tambi nyingine za Kijapani, kama soba na udoni, ni kansui: maji yenye kabonati za sodiamu na potasiamu. Ni ndugu wa magadi ambayo wapishi wa Afrika Mashariki hutia kwenye maharage ili yaive upesi, ila katika unga wa ngano kazi yake si kulainisha bali kukaza. Unga uliokandwa kwa kansui hugeuka manjano kidogo, na tambi zake huvutika bila kukatika na kuchelewa kulegea ndani ya mchuzi. Mchuzi nao ni mambo mawili yanayokutana bakulini dakika ya mwisho. Kuna supu, inayochemshwa kwa mifupa ya kuku au ya nguruwe, pengine pamoja na dagaa wakavu, mwani, au jodari aliyekaushwa kwa moshi. Na kuna tare, kiungo kizito chenye chumvi kali, kilichotengenezwa kwa chumvi yenyewe, kwa sosi ya soya, au kwa miso, yaani soya iliyochachushwa ikawa kama uji mzito. Tare hutangulia, supu humiminwa juu yake, tambi hufuata. Ladha ya mgahawa hukaa zaidi kwenye tare, ndiyo maana wapishi huificha namna ya kuitengeneza hata kwa wasaidizi wao.

Simulizi inayopendwa sana kuhusu asili ya rameni humtaja Tokugawa Mitsukuni, mtawala wa Mito katika karne ya 17, aliyempokea Zhu Shunsui, msomi wa Kichina aliyekimbia nchi yake baada ya kuanguka kwa nasaba ya Ming. Inasemekana msomi huyo alimwandalia mwenyeji wake tambi za kwao. Huenda ni kweli, lakini mlo wa mtawala mmoja haukuzaa kitu mitaani. Historia yenye mizizi huanzia bandarini. Mwaka 1859 Japani, iliyokuwa imejifungia kwa zaidi ya miaka 200, ilifungua bandari za Yokohama, Nagasaki na Hakodate kwa wafanyabiashara wa kigeni. Kobe ikafuata mwaka 1868. Wazungu na Wamarekani walikuja na makarani, wakalimani, washonaji na wapishi wa Kichina, wengi wao kutoka Guangdong na Shanghai. Hao ndio waliojenga mitaa ya Wachina, na ule wa Yokohama ndio uliokua kuliko yote. Humo ziliuzwa tambi za ngano ndani ya mchuzi wa chumvi, ambazo Wajapani waliziita soba za Nankin. Kule Hakodate, mwaka 1884, mgahawa mmoja ulitoa tangazo gazetini kuwa unaziuza.

Kwa muda mrefu walaji walikuwa Wachina wenyewe. Mjapani wa zamani hakuzoea nyama ya wanyama wa miguu minne. Makatazo ya Kibudha yalikuwa yameijengea nyama sifa mbaya kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ilipofika mwaka 1872 ndipo umma ulipotangaziwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama. Mchuzi wa mifupa ya nguruwe uliwanukia vibaya wengi. Hali ilibadilika taratibu mwaka 1899 ulipokwisha utaratibu wa kuwatenga wageni katika makazi yao, na maelfu ya wanafunzi wa Kichina walipomiminika Tokyo mwanzoni mwa karne ya 20. Migahawa iliyowalisha ikaanza kuwaonjesha na wenyeji.

Mwaka 1910 Ozaki Kan'ichi, aliyewahi kuwa ofisa wa forodha Yokohama, alifungua mgahawa wa Rairaiken huko Asakusa, mtaa wa Tokyo uliokuwa na sinema, kumbi za michezo na mnara wa ghorofa 12 uliowavuta washamba na wajanja kwa pamoja. Kazi ya forodha ilikuwa imemfundisha Ozaki chakula cha Wachina wa Yokohama, na alijua pia wateja wa Asakusa ni watu wa namna gani: vibarua, wachuuzi, wanafunzi, watu wenye senti chache na usiku mrefu. Aliajiri wapishi 12 wa Kichina. Mchuzi wao ulitiwa sosi ya soya, kiungo ambacho ulimi wa Tokyo ulikijua tangu utotoni, na bei ikawa ya mtu wa chini. Rairaiken haukuwa mgahawa wa kwanza kuuza tambi hizo, na wanaoupa sifa hiyo huzidisha. Ulichofanya ni kumwondoa Mchina katika nafasi ya mteja mkuu na kumweka Mjapani wa kawaida. Nyama ya nguruwe, machipukizi ya mianzi, majani ya kitunguu na mchuzi wa rangi ya kahawia: bakuli linaloitwa la Kitokyo hadi leo ni la ukoo huo.

Tetemeko la Septemba 1, 1923 liliiteketeza Tokyo na Yokohama. Mnara wa Asakusa ulivunjika, migahawa ikaungua, na wapishi wakatawanyika mikoani kutafuta pa kuanzia. Waliobaki walisukuma mikokoteni yenye jiko na sufuria, wakipita usiku na kupiga zumari ambalo sauti yake bado inatambuliwa na wazee. Mikoani hakukuwa na ladha moja. Huko Sapporo, kisiwani Hokkaido, Ohisa Masaji na mkewe Tatsu walifungua mgahawa wa Takeya mwaka 1922 karibu na chuo kikuu, jikoni wakiwa na Wang Wencai, mpishi wa Shandong aliyefika kupitia Urusi. Kitakata, mji mdogo wa Fukushima, ulipata tambi zake nene zilizojikunja kutoka kwa kijana wa Kichina aliyeanza na mkokoteni miaka ya 1920. Watu wa huko huzila asubuhi, kabla ya kazi.

Kusini, kisiwani Kyushu, mambo yalichukua njia ya peke yake. Mwaka 1937 Miyamoto Tokio, mwenyeji wa mkoa wa Nagasaki, alianza kuuza katika mji wa Kurume tambi zenye mchuzi wa mifupa ya nguruwe kwa mkokoteni wake, Nankin Senryo. Mchuzi wake ulikuwa bado mwepesi na wa kuonekana chini. Ule mweupe mzito kama maziwa, ambao leo huuzwa dunia nzima kwa jina la tonkotsu, hutajwa kuwa ulitokana na uzembe wa mwaka 1947. Sugino Katsumi, mwenye kibanda cha Sankyu mjini humohumo, aliondoka kwenda kununua mahitaji na kumwachia mama yake sufuria. Moto ukawa mkali kupita kiasi, mifupa ikachemka hadi uboho na mafuta vikachanganyika na maji. Aliporudi alikuta mchuzi mweupe, akauonja kabla ya kuumwaga, na hakuumwaga. Simulizi za namna hii zinapaswa kupokelewa kwa tahadhari, maana kila mji wenye rameni una ya kwake. Kanuni ya jikoni, hata hivyo, inaiunga mkono: moto mdogo hutoa mchuzi angavu, na mchemko mkali wa saa nyingi huyapasua mafuta kuwa chembechembe zinazoelea na kuufanya mchuzi uwe mweupe.

Kati ya mikokoteni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na Sankyu kuna pengo la njaa. Vita vilipokolea, mchele, unga na mafuta viliwekwa chini ya mgao, na uuzaji wa vyakula vya anasa mitaani ukakoma. Kushindwa kwa Japani mwezi Agosti 1945 hakukuleta nafuu. Mavuno ya mchele ya mwaka huo yalikuwa mabaya sana, mchele wa makoloni ya Korea na Taiwan haukuja tena, na zaidi ya watu milioni 6, wanajeshi na raia, walikuwa wakirudishwa kutoka China, Manchuria na visiwa vya Pasifiki. Mgao haukutosha kumweka mtu hai. Watu wa mijini waliishi kwa masoko ya magendo yaliyochipuka kwenye vifusi karibu na stesheni za treni, na vikundi vya wahalifu ndivyo vilivyogawa nafasi na kukusanya ushuru.

Marekani, iliyoikalia Japani hadi mwaka 1952, ilileta unga wa ngano. Ulikusudiwa kuwa mkate, lakini sehemu yake ilitoroka maghalani na kuangukia mikononi mwa wachuuzi wa tambi. Mwaka 1947 serikali iliifunga karibu migahawa yote ili kuokoa chakula. Vibanda vya magendo viliendelea kuuza, wenyewe wakikamatwa leo na kurudi kesho. Kwa aliyerejea kutoka Manchuria akiwa hana kitu, mkokoteni wa tambi ulikuwa kazi isiyotaka mtaji mkubwa. Kwa mlaji, mchuzi wenye mafuta ya nguruwe na vitunguu saumu ulishibisha kuliko uji wa mgao. Wapo wanaosimulia zama hizo kana kwamba Wajapani walichagua rameni kwa ladha. Walichagua kilichopatikana, na kilichopatikana kilikuwa ngano.

Hata baada ya njaa kwisha, ngano haikuondoka. Marekani ya miaka ya 1950 ilikuwa na mavuno ya ziada yasiyo na mnunuzi, na sheria ya mwaka 1954 iliruhusu yauzwe kwa nchi rafiki kwa masharti nafuu. Wanafunzi wa shule za Japani walikua kwa mkate na maziwa ya unga, na mabasi yenye majiko yalizunguka vijijini kuwafundisha akina mama mapishi ya unga. Katika miaka hiyohiyo jina la tambi lilibadilika: jina la zamani lililobeba neno la dharau la kuitaja China liliachwa, likatumika jingine lisilokwaza, na polepole rameni likayafunika yote mawili.

Miongoni mwa walioziona foleni za masoko ya magendo alikuwa Ando Momofuku, aliyezaliwa Taiwan mwaka 1910 wakati kisiwa hicho kikiwa chini ya Japani, kwa jina la Wu Baifu. Alikuwa mfanyabiashara wa mambo mengi: nguo, chumvi, nyumba. Aliwahi kufungwa kwa kesi ya kodi, na mwaka 1957 chama cha akiba na mikopo alichokiongoza kilifilisika kikamwachia nyumba tu katika mji wa Ikeda, Osaka. Humo uani alijenga kibanda, akaanza kutafuta tambi zinazokaa kabatini miezi mingi na kuiva kwa maji ya moto peke yake. Shida ilikuwa kuondoa maji katika tambi bila kuziua. Jibu alilipata, kwa maelezo yake mwenyewe, alipomtazama mkewe akikaanga tempura: unga unapozama katika mafuta ya moto, maji hutoka yakiacha vitundu vidogo. Tambi zilizopikwa kwa mvuke, zikalowekwa mchuzi na kukaangwa, huwa kavu na zenye vitundu. Maji ya moto yakimwagwa, hupita palepale mvuke ulipotokea.

Agosti 25, 1958 aliziuza kwa jina la Chikin Ramen, yen 35 kwa pakiti, wakati fungu la udoni mbichi lilikuwa yen 6. Wauzaji wa jumla walicheka bei hiyo. Wateja waliinunua hata hivyo, kwa sababu familia za mijini zilikuwa zikihamia nyumba ndogo za ghorofa, wanawake na vijana walikuwa wakiingia viwandani na maofisini, na televisheni ilikuwa tayari kutangaza. Kampuni yake ikaitwa Nissin. Mwaka 1966, akiwa Marekani kutafuta soko, Ando aliwaona wanunuzi wakizivunja tambi, kuzitia katika vikombe vya karatasi na kuzila kwa uma kwa kukosa bakuli. Kutoka hapo ndipo ilipokuja Cup Noodle ya Septemba 1971, ya yen 100, ghali na isiyonunuliwa kwa kasi. Iliyoitangaza zaidi ni picha za televisheni za Februari 1972, wakati polisi walipoizingira nyumba ya Asama-Sanso milimani Nagano walimojificha wanamgambo wenye mateka. Baridi iligandisha vyakula vya polisi, wakala Cup Noodle mbele ya kamera huku nchi nzima ikitazama.

Tambi za pakiti hazikuua migahawa. Sapporo ilipata sifa ya kitaifa katikati ya miaka ya 1950, pale Omiya Morito wa mgahawa wa Aji no Sanpei alipotia miso katika supu, akakaanga mboga kwa moto mkali na kuagiza tambi nene zinazostahimili mchuzi mzito. Katika mji ambao theluji hukaa miezi mingi, tabaka la mafuta juu ya bakuli huzuia joto lisitoke. Katika miaka ya 1960 makampuni yenye matawi yaliisambaza miso ya Sapporo nchi nzima, na Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 1972 iliuletea mji huo watalii walioila na kwenda kuisifu.

Mgahawa ambao wapenzi wa rameni huuzungumzia kwa namna ya pekee ulikuwa Higashi-Ikebukuro, Tokyo, uliitwa Taishoken na mwenyewe alikuwa Yamagishi Kazuo. Alizaliwa mkoa wa Nagano mwaka 1934, akafunzwa kazi katika mgahawa wa jamaa yake huko Nakano. Wafanyakazi wa jikoni walikuwa na desturi ya kukusanya tambi zilizobaki kwenye vichujio na kuzichovya katika kikombe cha mchuzi wenye sosi ya soya. Mteja mmoja aliwaona akataka aonje. Mwaka 1955 Yamagishi alianza kuuza mlo huo: tambi baridi kwenye sahani, mchuzi wa moto wenye siki, sukari na pilipili katika bakuli la pembeni. Leo huitwa tsukemen, na ipo migahawa isiyouza kingine.

Alifungua Taishoken yake mwaka 1961. Ilikuwa chumba kidogo chenye viti visivyozidi 20, feni, kuta zilizotiwa rangi na mvuke wa miaka, na kipimo cha tambi kilichokaribia mara mbili ya cha wengine. Foleni ilizunguka kona. Alipofiwa na mkewe mwaka 1986 alifunga, na bango la kufungwa likajazwa maandishi ya wateja wakimwomba arudi, akarudi. Zaidi ya yote alivunja mwiko wa kuficha tare. Kijana yeyote aliyekuja kuomba kazi alifundishwa, kisha akaruhusiwa kutumia jina la Taishoken bila kutozwa, na waliofanya hivyo walizidi 100. Mwezi Machi 2007 jengo lilibomolewa kupisha ujenzi mpya wa mtaa. Siku ya mwisho mamia ya watu walipanga foleni tangu usiku, wengi wao wakijua kwamba tambi hazitawatosha wote. Yamagishi alifariki mwaka 2015.

Mgahawa wa kawaida wa rameni una utaratibu unaomshangaza mgeni. Malipo hufanyika kwanza, kwenye mashine ya vitufe karibu na mlango. Tiketi inayotoka hukabidhiwa mpishi, ambaye kwa hiyo hagusi pesa wala kupoteza muda. Mteja huketi kwenye kaunta ndefu akitazamana na majiko. Kule Kyushu huulizwa tambi zake ziive kiasi gani, na akimaliza huweza kuongezewa tambi nyingine katika mchuzi uliobaki. Desturi hii ilikuzwa na wafanyakazi wa soko la samaki la Fukuoka, ambao hawakuwa na muda wa kungoja. Tambi huvutwa kwa sauti. Hewa inayoingia nazo huzipoza na kupandisha harufu ya mchuzi puani, na anayekula kimyakimya ndiye anayeonekana wa ajabu. Maongezi ni machache, na aliyemaliza huinuka, kwa kuwa nyuma yake yupo mtu amesimama.

Kuanzia miaka ya 1980 chakula hiki cha vibarua kilipata wasomi wake. Filamu ya Tampopo ya Itami Juzo, ya mwaka 1985, ilimfuata mjane anayejifunza kupika rameni bora. Mwaka 1994 lilifunguliwa huko Shin-Yokohama jumba la makumbusho ya rameni, ambalo ndani yake umejengwa mtaa wa Tokyo wa mwaka 1958, mwaka wa Chikin Ramen, pamoja na migahawa inayofanya kazi. Vijana walioacha kazi za ofisini walifungua migahawa yenye viti vinane, wakaorodhesha ukutani asili ya chumvi na ngano yao. Desemba 2015 mwongozo wa Michelin uliipa nyota Tsuta, mgahawa mdogo wa Onishi Yuki huko Sugamo, Tokyo. Ilikuwa rameni ya kwanza kupewa heshima hiyo. Foleni ilikua hadi ikabidi tiketi za zamu zigawiwe asubuhi, majirani wapate kupumua.

Nje ya Japani zilizotangulia ni tambi za pakiti. Zinazoliwa duniani sasa zimepita pakiti bilioni 100 kwa mwaka, China ikiongoza. Dar es Salaam na Nairobi wengi wanazijua kwa jina la Indomie, chapa ya Indonesia, bila kuzihusisha na kibanda cha uani Ikeda. Nissin yenyewe iliingia Kenya moja kwa moja: mwaka 2013 iliunda kampuni ya ubia na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja.

Nyumbani Japani, suala linalowakosesha usingizi wenye migahawa ni bei. Kwa miaka mingi imeaminika kuwa mteja hatalipa zaidi ya yen 1,000 kwa bakuli la rameni, ingawa hulipa zaidi kwa pasta ya Kiitaliano iliyotengenezwa kwa ngano na jasho kiasi kilekile. Zaidi ya asilimia 80 ya ngano ya Japani bado huagizwa, hasa kutoka Marekani, Kanada na Australia, na tangu mwaka 2022 unga, nyama ya nguruwe, gesi na mishahara vimepanda kwa pamoja. Migahawa yenye matawi hununua kwa jumla na kuhimili. Yule mwenye viti vinane na sufuria moja huchagua kati ya kuvuka yen 1,000, kupunguza nyama, na kufunga, na miaka ya karibuni waliofunga wamekuwa wengi.